Bakteria Walinzi wa Utumbo

Utumbo mpana wa binadamu ni makazi ya matrilioni ya bakteria ambao wengi wao hawamdhuru mtu anayewabeba, bali humsaidia kusaga mabaki ya chakula, humtengenezea baadhi ya vitamini na kumkinga na vimelea wanaosababisha kuharisha. Kinga hiyo hutokana kwanza na ushindani, kwa kuwa pale ambapo chakula na nafasi ya kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo vimekwisha kutwaliwa na wenyeji, mgeni mwenye madhara hukosa pa kukaa. Aidha, baadhi ya bakteria hao hutoa asidi na protini zinazoua vimelea, na wengine huuchochea mfumo wa kinga ya mwili uwe tayari kupambana.

Wazo la kuwatumia kama dawa limedumu kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiendelea, Alfred Nissle, daktari wa mjini Freiburg, Ujerumani, alichunguza kinyesi cha askari ambaye hakuugua ilhali wenzake walikuwa wakiharisha damu, akapata humo bakteria wa aina ya Escherichia coli. Aina hiyo ina koo nyingi, yaani makundi madogo yanayotofautiana kwa tabia, na baadhi yake huleta maradhi, lakini ukoo alioupata Nissle hupambana na bakteria waletao maradhi; majaribio ya baadaye kwa panya yalionyesha kwamba huwanyang'anya bakteria waitwao Salmonella madini ya chuma wanayoyahitaji ili wastawi.

Umuhimu wa walinzi hao hudhihirika zaidi wanapotoweka. Viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, havibagui adui na rafiki, hivyo mgonjwa anayevitumia huweza kubaki na utumbo usio na ulinzi, ambamo bakteria aitwaye Clostridioides difficile huzaliana na kutoa sumu inayoleta kuharisha kukali, wakati mwingine kwa kiwango cha kuua. Kwa kuwa bakteria huyo hujihifadhi ndani ya chembe zenye ganda gumu zisizodhuriwa na dawa, ugonjwa huweza kurudi mara kwa mara. Katika utafiti uliofanywa nchini Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2013, wagonjwa waliorudiwa na ugonjwa huo walipitishiwa utumboni, kwa mpira mwembamba, mchanganyiko uliochujwa wa kinyesi cha watu wenye afya waliopimwa kwa makini. Wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa tiba moja, ilhali kati ya 13 waliopewa kiuavijasumu peke yake walipona 4 tu. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha vidonge vya kumeza vyenye bakteria wa namna hiyo.

Hata hivyo, mafanikio hayo hayamaanishi kwamba kila bakteria rafiki hutibu kila ugonjwa. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2018, zilizohusisha watoto zaidi ya 1,700 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakiharisha na kutapika, zilionyesha kwamba waliopewa bakteria wa jamii ya Lactobacillus hawakupona haraka kuliko wenzao. Kila ukoo una kazi yake, na sifa ya mmoja haiwezi kuhamishiwa mwingine bila ushahidi.

Kwa sababu hiyo, mtindi wenye bakteria rafiki ni chakula bora, lakini hauchukui nafasi ya maji yenye chumvichumvi maalumu na vidonge vya zinki, ambavyo ndivyo msingi wa kumtibu mtoto anayeharisha, wala hauwezi kuwa dawa ya vidonda vya tumbo vinavyosababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Hatua iliyo karibu zaidi na kila familia ni kuwalinda walinzi waliopo tayari, kwa kuacha kununua viuavijasumu bila cheti cha daktari, kwa kuwa dawa inayomezwa bila sababu huwaua bakteria ambao sayansi sasa inahangaika kuwarudisha.