Wimbo wa Watoto Katika Picha ya Giza: Kutoka Mpango Hadi Ukutani

Jinja, nchini Uganda, ina karibu kila kitu kinachohitajika kwa picha ya mtindo wa gothiki. Yapo maduka ya zamani yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, mengine rangi imebanduka na mabaraza yamechakaa. Upo ukungu wa alfajiri juu ya Nile, na wapo kaloli, ndege wakubwa wenye shingo tupu, wanaosimama juu ya miti kutwa nzima. Kwa hiyo mradi wa kuunganisha picha nyingi ziwe moja ya kutisha, iliyotokana na wimbo wa watoto kama Ukuti, huonekana mwepesi kwenye karatasi. Watoto wameshikana mikono kwa duara, upepo unavuma, wote wanaanguka. Kilichobaki ni kuongeza giza.

Mipango ya aina hii kwa kawaida huahidi mfululizo wa picha, maonyesho ya wazi mjini na nakala kwa shule, vyote ndani ya miezi michache. Siku za kupiga picha huandikwa moja moja. Kazi ya kompyuta hupewa mstari mmoja tu, ilhali ndiyo inayokula muda. Mwaka 1857 mpigapicha mmoja aliyefanya kazi Uingereza aliunganisha negativu zaidi ya 30 kuwa picha moja, kwa kazi ya wiki kadhaa. Leo vifaa vimebadilika, lakini bado kila kipande lazima kikubaliane na mwenzake.

Ugumu mkubwa ni mwanga. Jinja iko karibu kabisa na Ikweta. Majengo yakipigwa saa moja asubuhi, kivuli cha nguzo ya baraza hulala kirefu barabarani. Watoto wakipatikana saa saba mchana, baada ya masomo ya asubuhi, kivuli chao kiko miguuni. Ukiwaweka pamoja na majengo hayo, watoto wanaelea, na hakuna giza litakaloficha kasoro hiyo. Basi hupangwa siku nyingine: usafiri tena, chakula tena, ruhusa za wazazi tena. Mvua ya Machi hadi Mei ikiingilia, ratiba inasogea kwa wiki nzima.

Gharama hukua kwa njia nyingine pia. Kamera ya megapikseli 24 hutoa pikseli 6000 kwa 4000, na kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni karatasi ya sentimeta 51 kwa 34 hivi. Anayeahidi picha ya kujaza ukuta kwa ubora huohuo analazimika kupiga vipande vingi zaidi. Kila leya (tabaka la picha) iliyojaa, katika ubora wa biti 16, huchukua megabaiti 144 kabla ya kubanwa. Leya zikifika 20, kompyuta ya kawaida inaweza kuanza kukwama. Na anayetaka Maporomoko ya Ripon ya mto Nile, yaliyozama baada ya bwawa la mto huo kukamilika mwaka 1954, hana budi kutafuta picha ya kumbukumbu. Picha hiyo ina mwenyewe, na idhini yake huenda ikalipiwa. Sioni uzembe katika mengi ya haya. Ni mambo yasiyoonekana hadi kazi ianze.

Kinachobaki bila kumalizwa mara nyingi ni vitu vidogo: kingo za nywele, kivuli chini ya nyayo, maelezo ya picha kwa Kiswahili au Lusoga. Fedha zikipungua, picha zilizokusudiwa kuwa kumi huwa nne, na mradi hutangazwa umekamilika siku faili zinapokabidhiwa. Kwa maoni yangu tarehe hiyo ni ya mapema mno. Faili iliyo ndani ya diski haijamfikia mtu, na ingefaa mpango uhesabu muda wake hadi siku ya kufunguliwa mlango.

Hata mlango ukifunguliwa, lipo suala la nani anaingia. Wimbo ni wa watoto, lakini picha hutundikwa kwa kimo cha macho ya mtu mzima, mahali panapofungwa kabla ya shule kutoka. Kuziteremsha hadi mita moja kutoka sakafuni hakuongezi hata shilingi. Nakala za A3 kwa shule ni nafuu kuliko picha moja ya ukuta, nazo ndizo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Na kwa kuwa picha zinatisha, mwalimu anastahili kuziona mapema, aamue ni darasa gani lionyeshwe zipi.