Vumbi la asbesto huua miaka mingi baada ya kuacha kazi

JE, uliwahi kuezeka au kubomoa paa za asbesto, kufunika mabomba ya mvuke au kurekebisha breki za magari? Kama ndivyo, makala haya yanakuhusu, hata ikiwa uliacha kazi hiyo miaka 30 iliyopita.

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba zisizoungua. Kwa sababu hiyo ilitumiwa kwa wingi kuezekea shule na nyumba za wafanyakazi hapa nchini, na kufunika mitambo yenye joto kali. Inapokatwa au kuvunjwa hutoa vumbi ambalo huwezi kuliona kwa macho. Ukilivuta, nyuzi hizo huingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hufika kwenye utando unaoyazunguka. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Hukaa humo zikidhuru mwili taratibu, na kwa baadhi ya watu mwishowe huleta saratani.

Linalowapotosha wengi ni muda. Ukivuta vumbi hilo leo, hutakohoa kesho. Saratani ya mapafu kwa kawaida huanza kuonekana baada ya miaka 15 au zaidi. Saratani ya utando, iitwayo mesothelioma, mara nyingi huchukua miaka 30 hadi 40, na hata 50. Kijana aliyeanza kazi akiwa na umri wa miaka 20 anaweza kuugua akiwa amestaafu na ana wajukuu. Ikishagunduliwa, wagonjwa wengi wa mesothelioma hufariki kabla ya miaka miwili kwisha.

Dkt Irving Selikoff na wenzake walifuatilia mafundi 17,800 wa kufunika mabomba nchini Marekani na Kanada kuanzia 1967 hadi 1976. Katika muda huo, 995 walikufa kwa saratani, ilhali waliotarajiwa kufa kwa ugonjwa huo ni kama 320 tu.

Nchini Uingereza, mesothelioma iliua watu 153 mwaka wa 1968. Asbesto ilipigwa marufuku kabisa mwaka wa 1999, lakini katika miaka ya 2010 ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 2,000 kila mwaka. Wengi wao walivuta vumbi hilo zamani, kabla ya marufuku.

Sigara huongeza hatari

Watafiti hao wa Marekani waligundua kuwa fundi wa asbesto asiyevuta sigara alikuwa katika hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu mara tano kuliko mtu wa kawaida asiyevuta. Kwa fundi mvutaji, hatari hiyo ilizidi mara 50. Ukiacha sigara leo, hatari ya saratani ya mapafu itapungua kadiri miaka inavyopita.

Ufanye nini?

Hapa Kenya, asbesto imeorodheshwa kama taka hatari tangu 2006, lakini paa nyingi za zamani zingalipo. Usizikate, usizitoboe wala kuzisugua. Usitumie vipande vyake kujengea banda la kuku. Kazi ya kuziondoa waachie waliopewa leseni na NEMA.

Ukifanya kazi penye vumbi hilo, usirudi nyumbani na nguo za kazi. Kuna wake waliougua kwa sababu ya kufua nguo za waume zao.

Ukianza kupungukiwa na pumzi, kuumwa na kifua au kukohoa bila kupona, usingoje. Dalili hizo hufanana na za kifua kikuu, na daktari asipojua ulifanya kazi gani huenda akatibu ugonjwa mwingine. Mweleze kazi zote ulizofanya tangu ujana, pamoja na miaka. Barua zako za ajira zihifadhi vyema, kwa kuwa sheria ya fidia ya 2007 inatambua magonjwa yanayotokana na kazi.

Huenda wewe umeisahau kazi ile, lakini mapafu yako hayajaisahau.