Orchestra Virunga: Mabadiliko ya Mtindo na Lugha

Jina Virunga humkumbusha mkazi wa Goma milima ya volkano iliyo karibu na mji wake, ukiwemo Nyiragongo, ambao lava yake iliingia mjini mwaka 2002. Hata hivyo, Orchestra Virunga haikuundwa Goma. Iliundwa Nairobi mwaka 1981 na Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, upande wa pili wa Kongo. Makala haya yanaeleza jinsi muziki wa bendi hiyo ulivyobadilika.

Msingi wake ni rumba ya Kinshasa, yenye sehemu mbili: uimbaji wa taratibu, kisha sebene, yaani chemko, ambamo magitaa hutawala. Vijana wa Zaïko Langa Langa, iliyoundwa mwaka 1969, waliharakisha sebene na kuziweka kando ala za kupuliza. Mapangala aliimba Kinshasa katika kipindi hicho. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Uganda na kuunda Les Kinois, kisha mwaka 1977 akahamia Nairobi.

Nairobi ilidai mambo mawili. Kwanza, wachezaji walipenda mdundo wa haraka. Virunga iliukubali mdundo huo, lakini haikuiacha saksafoni. Pili, wasikilizaji wengi hawakuelewa Kilingala. Ndipo Kiswahili kikapata nafasi, kama katika wimbo “Vunja Mifupa”. Badiliko hili halikuwa la kutafsiri maneno tu. Kilingala hutofautisha maneno kwa toni, ilhali Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mtunzi hana budi kuioanisha upya lahani na maneno.

Mwaka 1990 nyimbo za awali za bendi zilitolewa upya Ulaya katika albamu Virunga Volcano. Baadaye Mapangala alihamia Marekani, na mwaka 2008 akatoa “Obama Ubarikiwe”, bado akitumia Kiswahili.

Je, mabadiliko hayo yaliuondolea muziki huu Ukongo wake? Swali hili linaihusu Goma moja kwa moja. Huko Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni, lakini muziki wa dansi wa nchi umetawaliwa na Kilingala. Magitaa ya Virunga yalibaki ya Kinshasa hata mashairi yalipokuwa ya Kiswahili. Ni ushahidi kwamba msanii wa Kivu halazimiki kuiacha lugha yake ili aimbe rumba.