NYANYA ZA RANGI NGENI: YAMPASAYO KUJUA MKULIMA WA VOI NA TAITA

Mtu aendaye sokoni Voi, au aendaye gulioni Taveta siku ya Jumatano au Jumamosi, huona marundo ya nyanya za rangi moja tu, nayo ni nyekundu. Hata majina ya mbegu zake wakulima wanayajua kwa moyo: Cal J, Rio Grande, Money Maker, na nyinginezo. Basi mtu akionyeshwa nyanya ya manjano, au ya kijani iliyokwisha kuiva, au ya zambarau inayokaribia weusi, hudhani kwamba ni mbichi, au imeoza, au imetiwa dawa. Dhana hiyo si kweli. Nyanya za rangi hizo zapatikana, huliwa na watu wa nchi nyingi, na baadhi ya wauza mbegu huziuza mbegu zake. Zaweza kuota katika bustani ya nyumbani, lakini si kila mahali wala si kila mwezi. Madhali maji ni adimu katika sehemu kubwa ya Taita Taveta, yafaa mtu azijue habari zake kabla ya kutumia fedha na jasho lake.

Si jambo jipya

Asili ya nyanya ni Amerika ya Kusini, na watu wa Meksiko ndio walioilima na kuikuza tangu kale. Wahispania waliichukua mpaka Ulaya katika karne ya 16. Mwaka 1544 tabibu mmoja wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliandika kwamba tunda hili likiiva huwa na rangi ya dhahabu. Mpaka leo Waitalia huliita pomodoro, maana yake tofaa la dhahabu. Kwa hiyo nyanya ya manjano si uzushi wa siku hizi. Ilijulikana Ulaya mapema sana. Nyekundu ilishinda baadaye sokoni, nasi tulio huku, kama walivyo watu wa Pwani waiitao tungule, tukaizoea hiyo moja.

Isichanganywe habari hii na ile ya matunda damu, yanayozaliwa juu ya miti midogo katika mashamba ya milimani. Hayo ni ya ukoo mmoja na nyanya, lakini ni mmea mwingine.

Rangi hutoka wapi

Nyanya changa ni kijani kwa sababu ya ile rangi iliyomo katika majani yote. Inapoiva, kijani hicho hufifia, na rangi nyingine mbili hutokea: likopini, ambayo ni nyekundu, na karotini, ambayo ni ya manjano au ya machungwa. Nyanya ya kawaida ina nyama nyekundu na ngozi nyembamba ya manjano. Zikiwa pamoja jicho huona wekundu mkali. Ngozi ikikosa umanjano ule, nyanya huonekana ya waridi. Mmea usipoweza kutengeneza likopini, tunda huwa la manjano.

Nyanya zinazoitwa nyeusi, kama ile ya Black Krim, kwa kweli hazina weusi. Kijani chake hakiondoki chote wakati wa kuiva; huchanganyika na wekundu, na mchanganyiko huo hutoa rangi ya hudhurungi au ya damu iliyoganda. Nayo nyanya ya Green Zebra, iliyotolewa Marekani mwaka 1983 na mkuza mbegu Tom Wagner, hubaki kijani yenye milia mpaka siku ya kuliwa.

Rangi ya zambarau ya kweli ni jambo lingine. Hiyo hutokana na anthosiani, ile ile iliyomo katika ngozi ya biringanya. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, kilitoa mbegu ya Indigo Rose, iliyopatikana kwa kupandishana nyanya za bustani na jamaa zake za mwituni. Zambarau yake iko katika ngozi tu, tena hutokea pale panapopigwa na jua. Sehemu iliyofunikwa na jani hubaki bila rangi hiyo. Iko pia nyanya iliyo zambarau mpaka ndani ya nyama. Hiyo ilitengenezwa na wataalamu wa John Innes Centre, Uingereza, kwa kutia ndani yake chembe za urithi za ua fulani. Habari zake zilitangazwa mwaka 2008, na mbegu zake zilianza kuuzwa kwa wenye bustani wa Marekani mwaka 2024. Mimea ya namna hiyo huangukia chini ya Sheria ya Usalama wa Viumbe ya Kenya ya mwaka 2009, wala haifai mtu kuipanda bila ruhusa ya serikali.

Joto la Voi hubadili rangi

Hapa pana jambo ambalo mkulima wa nchi ya chini hana budi kulishika. Likopini hutengenezwa vizuri hali ya hewa ikiwa ya wastani, baina ya digrii 20 na 25 hivi za Selsiasi. Joto likizidi digrii 30, kazi hiyo hulegea sana, ilhali karotini huendelea kutengenezwa. Matokeo yake ni kwamba nyanya nyekundu iliyopandwa Voi katika miezi ya joto yaweza kuiva ikiwa ya machungwa, au ikabaki na mabega ya manjano. Huyo aliyeuziwa mbegu nyekundu hulalamika kwamba amedanganywa, na huyo aliyepanda mbegu ngeni hujisifu kwamba rangi imetoka. Kumbe wote wawili wamefanyiwa kazi na jua.

Dawa yake ni rahisi. Nyanya ichumwe inapoanza tu kugeuka rangi kitakoni, ikawekwe ndani ya nyumba mahali penye kivuli na hewa. Itaiva huko taratibu, na wekundu wake utakuwa mwema kuliko ule wa tunda lililoachwa juani. Zaidi ya hayo, tunda lililochumwa mapema huepukana na ndege na nyani.

Joto lina dhara lingine kubwa kuliko hilo la rangi. Mchana ukiwa mkali mno, na usiku usipopoa, chavua huharibika na maua hupukutika bila kuzaa. Mti waweza kuwa mrefu, wa kijani, wa kupendeza, na usitoe tunda hata moja. Kwa hiyo mtu wa Voi, Maungu au Mwatate yafaa apange miezi yake hivi: asie mbegu kitaluni mwezi wa Aprili, ahamishe miche katikati ya Mei, ili maua yatoke Juni na Julai, wakati wa baridi.

Milimani na Taveta

Wundanyi, Wesu na vilima vya jirani hali ni kinyume. Huko baridi na ukungu ndio adui. Majani yakikaa maji kwa muda mrefu, ugonjwa wa bakajani huingia na kuuteketeza mti mzima kwa siku chache. Mabaka meusi huonekana majanini, kisha shinani, kisha katika matunda. Mkulima wa huko na apande mahali panapopata jua la asubuhi, aache nafasi kubwa baina ya miti, na ikiwezekana ajenge paa dogo la nailoni lililo wazi pande zote ili mvua isiyapige majani.

Taveta, penye maji ya chemchemi yatokayo chini ya Kilimanjaro, maji si tatizo kama Voi. Tatizo la huko ni kupanda nyanya mahali pale pale mwaka hata mwaka. Ardhi hujaa minyoo ya mizizi na vijidudu vya mnyauko. Yafaa kipande kilichozaa nyanya kipumzishwe miaka mitatu, kipandwe mahindi. Wala kisipandwe biringanya, pilipili wala viazi vya mviringo, kwani hao wote ni ndugu wa nyanya na hushikwa na maradhi yale yale.

Jinsi ya kupanda

Mbegu zifukiwe kina cha nusu inchi katika kitalu chenye udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza. Huota baada ya siku tano mpaka kumi. Miche ikifika majuma manne au sita, na kimo chake kikiwa kama inchi sita, ihamishwe jioni, jua likishatua. Kati ya mche na mche ziwe futi mbili, na kati ya mstari na mstari futi tatu. Asiye na shamba aweza kupanda mche mmoja katika debe kuukuu lililotobolewa matundu chini.

Kila mti ufungwe kwenye kijiti imara, na machipukizi ya kwapani yang'olewe yangali madogo. Ardhi ifunikwe kwa nyasi kavu ili unyevu usitoke upesi. Maji yamwagwe shinani, asubuhi, kwa kipimo kile kile kila mara. Anayeacha udongo ukauke kabisa kisha akaufurikisha, ataona matunda yamepasuka, na mengine yameoza kitakoni. Wengi hudhani uozo huo ni wa wadudu. Sivyo, ni chokaa ya udongoni isiyoweza kufika tundani kwa sababu ya maji kukatika.

Mdudu wa kuogopwa zaidi ni yule nondo mdogo aitwaye Tuta absoluta, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Kiwavi chake huchimba njia ndani ya majani na kutoboa matunda. Majani yenye njia nyeupe yachumwe na kuzikwa mbali au kuchomwa moto, na kabla ya kununua dawa yoyote yafaa kumwuliza bwana shamba, kwani mdudu huyu amezoea dawa nyingi.

Kujua iliyoiva

Nyanya ya rangi ngeni haipimwi kwa jicho peke yake. Ya kijani ibonyezwe taratibu: ikiwa inalegea kidogo na kijani chake kimeingia umanjano, imeiva. Ile ya zambarau itazamwe kitako chake. Kikiwa bado kijani kibichi, isubiriwe mpaka kiwe chekundu.

Je, zina faida zaidi mwilini? Jibu latofautiana. Baadhi ya nyanya za machungwa zina wingi wa ile karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, iliyo muhimu kwa macho ya watoto. Nyingine za rangi iyo hiyo hazina karotini hiyo kwa wingi. Rangi yake ni likopini ya namna nyingine. Kwa hiyo mzazi asitegemee rangi peke yake, wala asiache mchicha, sukuma wiki na maembe kwa ajili ya nyanya.

Mbegu na soko

Mbegu za rangi hizi aghalabu ni ghali. Lakini nyingi si chotara, nazo hutoa watoto wanaofanana na mzazi, maana ua la nyanya hujichavusha lenyewe mara nyingi. Tunda zuri la mti usio na ugonjwa likamuliwe, mbegu na maji yake vikae chomboni siku mbili au tatu mpaka utelezi utoke, kisha zioshwe, zianikwe kivulini, zitiwe katika chupa kavu. Mbegu chotara, zile zenye alama ya F1, hazifai kufanyiwa hivyo, kwani watoto wake hutawanyika kila mmoja na sura yake. Na aliye na jamaa ng'ambo asiagize mbegu ndani ya barua au mfukoni mwa msafiri. Sheria yataka kibali cha KEPHIS, kwa sababu ugonjwa mmoja uliojificha ndani ya mbegu waweza kuharibu mashamba ya wilaya nzima.

Lililobaki ni soko, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Mwenye duka la mboga hununua anachojua kwamba kitauzika. Akiletewa debe la nyanya za kijani na kuambiwa zimeiva, huenda akalikataa, na nyanya haingoji. Karo ya mtoto haiwezi kulipwa kwa tunda lililoozea nyumbani. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Basi mwenye busara na aendelee na nyanya zake nyekundu, atenge miti minne au mitano tu ya mbegu ngeni karibu na jiko, aizalishe kwanza kwa chakula cha nyumba yake. Zikipata kuzaa vizuri, achukue chache sokoni, azikate vipande, awaonjeshe watu bure. Wako pia wenye mahoteli ya watalii kandokando ya Tsavo, ambao huenda wakazitaka kwa kupamba sahani; yafaa wafuatwe na kuulizwa kabla mbegu haijatiwa ardhini, si baada ya mavuno.

Debe la maji lililomwagwa juu ya mti usiozaa ni debe lililopungua jikoni. Lakini anayejua mwezi wake wa kupanda, udongo wake na mnunuzi wake, hatapata hasara kwa kujaribu miti mitano; na watoto wake watajua kwamba nyanya si nyekundu peke yake.