Baiskeli ya Ifakara Isionewe Haya

Mgeni afikaye Ifakara kwa mara ya kwanza huona mambo mawili kabla hajauliza njia: mpunga na baiskeli. Nchi ni tambarare, mji umetandaa, na tangu zamani mkulima, fundi, mwalimu na mama aendaye sokoni wote hupanda chombo hicho kimoja bila ya kuulizana vyeo. Kwa hiyo ilitarajiwa kwamba mwaka 2010, mji ulipopata chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya cha Mtakatifu Francis, jirani na hospitali ya jina hilo, wanafunzi nao wangeingia katika desturi hiyo njema. La kusikitisha ni kwamba siku hizi desturi yenyewe inaanza kuonewa haya.

Hivi karibuni nilizungumza na kijana mmoja wa Masagati asomaye udaktari mjini. Kwao ni mbali, kupita Mlimba, na wazazi wake ni wakulima. Alinieleza kwamba katika mwaka wake wa kwanza alilipa nauli ya bodaboda asubuhi na jioni, na fedha ilipopungua ilimbidi achague baina ya nauli na chakula cha mchana. Baba yake alipouza mazao alimnunulia baiskeli iliyokwisha kutumika, na njaa ya mchana ikaisha. Lakini jioni moja, akirejea kutoka wodini, pikipiki iliyokuwa ikienda kasi ilimsukumia mtaroni. Gurudumu likapinda, mkono ukachubuka. Wenzake, badala ya kumpa pole, walimcheka wakisema baiskeli ni ya wauza mkaa.

Kicheko hicho ndicho kilichonishikisha kalamu. Daktari wa kesho atawahimiza wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu waushughulishe mwili. Atawahimizaje ikiwa leo anafundishwa kudharau chombo kinachoushughulisha mwili wake bila gharama? Tena tukumbuke kwamba petroli tunayoichoma nchini huagizwa kutoka ng’ambo kwa fedha za kigeni, na moshi wake twauvuta sisi wenyewe. Baiskeli haili ila ubwabwa wa mpandaji wake, na huo twaulima hapa hapa bondeni. Huko ndiko kujitegemea tunakokuhubiri tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Hatusemi bodaboda ifukuzwe. Vijana wetu wengi wanakula kwayo, na mgonjwa wa usiku wa manane hawezi kupelekwa hospitali akining’inia juu ya keria. Wala hatuisahau masika, Mto Lumemo unapofurika na njia zikageuka matope. Tunachosema ni kwamba kila chombo kipewe haki yake.

Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara ni neema. Vivyo hivyo Daraja la Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2018, miaka miwili baada ya kivuko kuzama katika Mto Kilombero. Lakini lami huleta mwendo wa kasi, na mahali ambapo baiskeli haikutengewa njia yake, mpandaji ndiye aishiaye mtaroni. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, waendao kwa miguu na kwa baiskeli nao walikumbukwa katika ujenzi wa njia zake. Kama jiji kubwa limeweza kuwakumbuka, mji wa baiskeli una udhuru gani?

Wakati umefika wa kutenda. Kwanza, halmashauri ya mji itenge ukanda wa baiskeli kutoka sokoni hadi hospitali na chuo, uinuliwe kwa kifusi ili maji yasiufunike, na utengwe na magari kwa mawe. Pili, pajengwe banda lenye paa na mlinzi, na fundi apewe nafasi hapo. Tatu, wanafunzi waunde ushirika wa kununua baiskeli kwa jumla, na amalizaye masomo amwachie mgeni wa mwaka wa kwanza kwa bei nafuu.

Nne, viongozi tuanze sisi. Mara ngapi tumehutubia juu ya mazingira, tukashuka jukwaani na kuingia garini kwa safari ya hatua mia tano? Nami nimo miongoni mwa hao. Sisi tuliosoma Korani utotoni tulikwenda chuoni kwa miguu, juzuu kwapani, kisha tukashika njia ya shule ya serikali kwa miguu ile ile, na hakuna aliyetuona wanyonge.

Kijana wa Masagati amekwisha kulinyoosha gurudumu lake, na bado analipanda. Tusimwache peke yake barabarani. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya Ifakara ina magurudumu mawili.