Unataka Kupaa Kerio? Shika Mikanda ya Miguu Kwanza
Umecheki zile video za wasee wakielea juu ya Bonde la Kerio kutoka Iten na ukapandwa na mzuka? Fiti. Lakini hilo parachuti halina injini, buda. Linashuka kila saa; kinachokupandisha ni hewa moto inayotoka bondeni. Kwa mapro, mchana jua likiwaka ni raha. Kwa wewe mgeni ni noma: hewa inakurusha ovyo, parachuti linaweza kujikunja. Enda asubuhi, na mwalimu. Upepo ukupige usoni, si mgongoni. Na kabla uanze kukimbia ili upae, shika mikanda ya miguu kwa mkono wako mwenyewe. Ukisahau kuifunga unabaki ukining'inia kwa makwapa, na chini ni mbali manze.