Nyimbo za jadi za Uganda na watafiti wanaozitambulisha kwa kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa muziki Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda mjini Kampala, alizunguka nchini humo akirekodi nyimbo, ngoma na ala za nyuzi. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London, na nakala zake za kidijitali zimerejeshwa katika Chuo Kikuu cha Makerere.

Hata hivyo, sauti kurudi nyumbani ni jambo moja, na msikilizaji kuipata ni jambo jingine. Anayetaka kusikia wimbo ulioimbwa kijijini kwao enzi za babu yake hawezi kusikiliza kanda zote moja baada ya nyingine. Humbidi kutegemea maelezo yaliyoandikwa juu ya kila rekodi, na mara nyingi maelezo hayo ni machache, au majina yameandikwa kwa tahajia ya mgeni aliyeyasikia kwa mara ya kwanza.

Tatizo hilo ndilo linaloshughulikiwa na watafiti wa vyuo vikuu wanaounganisha teknolojia ya sauti na wavuti wa kisemantiki, yaani wavuti ambao kompyuta huweza kufuata maana ya taarifa zilizomo. Miongoni mwa vituo vinavyojulikana kwa kazi hiyo ni Centre for Digital Music cha Chuo Kikuu cha Queen Mary, mashariki mwa London.

Kazi ya mtafiti wa aina hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza ni sauti yenyewe. Katika diski ya CD, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kwa kompyuta vipimo hivyo ni mfululizo wa tarakimu tu. Mtafiti huunda programu inayochambua tarakimu hizo ili itambue mapigo ya ngoma, mwinuko wa sauti, mahali muimbaji anapoanza, na mahali ambapo wimbo hukoma na mazungumzo kuanza.

Upande wa pili ni maana. Wazo la wavuti wa kisemantiki lilifikishwa kwa umma mwaka 2001 na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, pamoja na wenzake wawili. Katika mfumo huo, kila taarifa huandikwa kama sentensi fupi yenye sehemu tatu, kwa mfano: rekodi hii, ilifanywa katika, wilaya fulani. Kila mtu, mahali na ala hupewa kitambulisho chake cha pekee. Mwaka 2007 watafiti wa Queen Mary na wenzao waliwasilisha utaratibu uitwao Music Ontology, unaoeleza namna ya kuandika taarifa za muziki kwa njia hiyo.

Faida yake huonekana wazi katika muziki wa eneo la Maziwa Makuu. Ala yenye uzi mmoja inayopigwa kwa upinde huitwa endingidi na Waganda, iningiri nchini Rwanda na indingiti nchini Burundi. Anayetafuta kwa jina moja huzikosa rekodi zilizoandikwa kwa majina mengine. Kinyume chake, jina ennanga kwa Waganda ni kinubi, ilhali kwa Wakiga wa kusini-magharibi mwa Uganda, enanga ni ala bapa ya nyuzi iliyo jamaa ya inanga ya Rwanda na Burundi. Kompyuta inayolinganisha herufi pekee huzichanganya ala hizo mbili, bali yenye kufuata vitambulisho huweza kuzitenganisha.

Pamoja na hayo, mashine inaweza kupotosha. Programu nyingi za kuchambua muziki zilibuniwa kwa kuzingatia muziki wa Ulaya, ambao hugawanya oktavi katika hatua 12 zilizo sawa. Muziki wa Waganda hutumia hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa. Programu ikiulazimisha muziki huo uingie katika hatua 12, itaandika kwamba mpigaji alikosea, na kosa hilo litaingia katika hifadhi kama taarifa ya kweli. Kwa sababu hiyo, watafiti wa Ghent nchini Ubelgiji waliunda programu iitwayo Tarsos, inayopima mwinuko wa sauti bila kutanguliza vipimo vya Ulaya. Waliitumia kuchunguza rekodi za jumba la makumbusho la Afrika ya Kati lililoko Tervuren, ambalo limehifadhi muziki mwingi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi.

Nafasi za utafiti wa namna hii kwa kawaida huwa za mkataba unaofuata muda wa ufadhili wa mradi. Mwombaji hutarajiwa kuwa na shahada ya uzamivu, au kukaribia kuipata, katika sayansi ya kompyuta, uhandisi wa sauti au fani inayohusiana nazo, na awe na uwezo wa kuandika programu.

Lakini kwa hifadhi za Afrika Mashariki, elimu hiyo peke yake haitoshi. Mhandisi aliyeko London anaweza kuifundisha mashine kutofautisha kinubi na ngoma, lakini hawezi kujua kama wimbo uliimbwa arusini au matangani, wala ni ukoo gani unaotajwa katika beti zake. Wanaoyajua hayo ni wazee wa vijijini waliousikia tangu utotoni. Idadi yao inazidi kupungua, na maelezo yasiyochukuliwa kwao wakiwa hai hayataweza kupatikana ndani ya kanda zenyewe.